Choo Hiki ni cha Nani?

Wiki tatu zilizopita nililetewa barua nitie sahihi. Barua hiyo imeandikwa na kamati ya mtaa wetu, tena kwa Kiingereza kizuri, nayo inapelekwa kwa taasisi moja ya hisani iliyoko ng'ambo. Inaomba ruzuku ya kutengeneza upya choo cha umma kilicho nyuma ya soko. Choo hicho kilijengwa miaka minane tu iliyopita, kwa fedha za taasisi hiyo hiyo. Nilikuwapo siku ya kufunguliwa kwake. Palikuwa na hema na viti vya kukodi, akaja mgeni rasmi akakata utepe, na mlangoni pakabandikwa kibao cha marumaru chenye majina ya waliotoa. Kibao kingali kinang'aa mpaka leo. Choo chenyewe kilifungwa kabla ya kutimia mwaka wa tatu: karo lilijaa, bomba likapasuka, na ufunguo haijulikani uko kwa nani.

Sikutia sahihi, na tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Wako waliosema kwamba mimi sijali kwa sababu nyumbani kwangu kuna choo. Wako waliosema nina uadui na mwenyekiti. Na mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenisomesha Juzuu Amma nikiwa mtoto, alikuja mpaka barazani kwangu akaniambia: "Mwanangu, mtu akikupa kitu humuulizi kwa nini amekupa." Makala hii ni jibu langu kwake, na naliandika kwa adabu zote, kwani najua moyo wake ni safi.

Kabla ya kukataa nilifanya jambo moja. Nilikwenda sokoni nikawauliza wauza samaki na wauza mboga, ambao ndio wanaotaabika zaidi, kwa nini wasichange kidogo kidogo wakalizibua lile karo. Hesabu yake si kubwa; kila mmoja hutumia zaidi ya hiyo kwa chai na maandazi ya mwezi. Jibu nililolipata lilikuwa moja, kutoka midomo mbalimbali: "Kile si choo chetu. Kile ni cha wafadhili."

Neno hili ndilo lililonifanya niiweke kalamu chini. Watu wamejengewa kitu katikati ya mtaa wao, kwa ajili yao, na baada ya miaka minane bado si chao! Basi hata tukipewa ruzuku ya pili tukakijenga kwa vigae vya Italia, kitakuwa cha nani?

Nasema wazi, nami nitabeba lawama yake: msaada unaofanya kazi ambayo watu wangeweza kuifanya wenyewe ni msaada unaowadhuru. Unawapa choo na kuwanyang'anya mikono. Haitoshi kusema kwamba aliyetoa alitoa kwa nia njema. Daktari mwenye nia njema akikosea dawa, mgonjwa hufa vile vile.

Wala hili si wazo geni lililoletwa na wataalamu wa maendeleo. Sote tumekisikia kisa cha yule mtu wa Ansari aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Hakupewa dirhamu, wala hakufukuzwa. Aliulizwa kwanza nyumbani kwake ana nini. Alikuwa na nguo nzito, nusu akijifunika na nusu akiitandika, na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikauzwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha watu wa nyumbani, na nyingine ikanunua shoka. Mtume akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia akakate kuni na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi ana dirhamu kumi. Tunakisimulia kisa hiki mara nyingi katika darasa zetu ili kukemea uvivu wa ombaomba. Lakini hebu tukitazame kwa upande wa mtoaji. Shoka lilinunuliwa kwa mali ya mwombaji mwenyewe. Kilichotolewa na aliyeombwa kilikuwa ni ushauri, na mnada, na mpini. Yaani alipewa kile tu ambacho asingekipata peke yake. Hakuna aliyeweza kumwambia baadaye kwamba shoka lile si lake.

Huenda utasema: hayo yalikuwa ya mtu mmoja na kuni zake, lakini mji wa leo una mabomba na karo na michoro ya wahandisi, maskini wataweza wapi? Basi nakuomba twende pamoja mpaka Karachi, katika nchi ya Waislamu wenzetu wa Pakistan, tukaone jambo lililofanyika huko kuanzia mwaka 1980.

Upande wa kaskazini-magharibi wa mji huo kuna makazi yaitwayo Orangi. Yalianza katika miaka ya 1960, yakafurika baada ya vita vya 1971, pale maelfu ya watu waliokimbia iliyokuwa Pakistan ya Mashariki walipokuja kutafuta pa kuweka kichwa. Serikali haikuyapanga wala kuyajenga. Watu walinunua vipande vya ardhi kwa madalali wasio na hati, wakapanga vichochoro vyao, wakajijengea nyumba kwa matofali ya saruji. Idadi yao ilifika kiasi cha milioni moja. Nyumba walikuwa nazo; ambacho hawakuwa nacho ni njia ya maji machafu. Nyumba nyingi zilitumia ndoo, topasi akaja kila baada ya siku chache kuimwaga, mara nyingi papo hapo kichochoroni. Wengine walichimba mashimo, yakajaa. Maji yakasimama milangoni, watoto wakicheza humo. Aliyewahi kuishi uswahilini wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Alikuwapo tajiri mmoja, Agha Hasan Abedi, mwanzilishi wa benki iliyojulikana kwa jina la BCCI. Benki hiyo ilikuwa na mfuko wa hisani, na Abedi alitaka kusaidia watu wa Orangi. Akamwita mzee mmoja, Akhtar Hameed Khan. Yafaa tumjue kidogo mtu huyu. Alizaliwa Agra mwaka 1914, akaingia katika utumishi mkuu wa serikali ya Kiingereza ya India, cheo ambacho vijana wa zama zile walikiota usiku na mchana. Katika miaka ya 1940, baada ya kuiona njaa kubwa ya Bengal na jinsi serikali ilivyoishughulikia, akajiuzulu. Akaenda kuwa mwanagenzi wa fundi kufuli na seremala karibu na Aligarh, apate kujua maisha ya mtu anayekula jasho lake. Baadaye, kule Comilla, alijenga jina kwa kazi yake ya ushirika wa wakulima. Alipofika Orangi mwaka 1980 alikuwa na umri ambao wengi wetu tungeomba kiti cha mapumziko.

Sasa mtu mwenye mfuko wa benki nyuma yake angefanya nini? Angenunua mabomba, bila shaka. Angeleta mkandarasi, akaita magazeti. Mzee huyu hakununua hata bomba moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutembea vichochoroni na kuzungumza na watu. Akagundua kwamba wanaujua vyema ubaya wa hali yao, ila kuna vizuizi kadhaa, na cha kwanza kiko vichwani: kila mtu aliamini kwamba mifereji ni kazi ya serikali, na kwamba siku moja serikali itakuja kuichimba bure. Kisha walidhani gharama ni kubwa kupita uwezo wao. Kisha hawakuwa na ujuzi wa kupima na kujenga. Na mwisho hawakuwa na mazoea ya kukaa pamoja, kichochoro kizima, wakafanya jambo moja.

Ruzuku ya benki ikatumiwa kuviondoa vizuizi hivyo tu. Iliwalipa wahandisi, wapimaji na wahamasishaji. Ilinunua vyombo vya kupimia. Iligharimia majaribio ya kurahisisha michoro na kutengeneza mifano ya chuma ya kumwagia zege la chemba, ili fundi wa mtaani aweze kazi ile. Mradi ukasema: kichochoro chenye nyumba ishirini au thelathini kikikubaliana na kumchagua mtu wake, basi tutakuja kupima, tutawapa mchoro na makisio, na tutawaazima vyombo. Fedha mtachanga wenyewe, mtu wenu atazishika, na sisi hatutazigusa. Kila mwenye nyumba akajenga choo chake, kichochoro kikalaza bomba lake, na vichochoro vikaungana katika bomba la mtaa. Kwa bei za miaka ile ilimgharimu mwenye nyumba kama rupia 1,000 kwa jumla. Kazi kama hiyo ilipofanywa na idara za serikali iligharimu mara kadhaa ya kiasi hicho, na sababu haihitaji darubini: hapa hapakuwa na faida ya mkandarasi wala bahasha ya mtu wa ofisini.

Walikosea pia, nisifiche. Zege la mwanzoni lilikuwa baya mahali pengine, ikabidi wajifunze upya kuchanganya saruji na kuimwagilia maji. Lakini kosa la mtu katika kitu chake humfunza. Mwisho wa habari ni kwamba nyumba zaidi ya 90,000 za Orangi ziliingia katika mifereji iliyolipiwa na wenyewe.

Na si kwamba njia ya pili haikuwapo. Mapema katika miaka ya 1980, taasisi ile ile ya benki ilimleta pia mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, naye akakataa namna ya mzee Khan. Alitaka kwanza uchunguzi kamili, na mpango mkuu wa eneo zima, na malengo yenye tarehe. Hawakuelewana, kazi ikagawanywa sehemu mbili, kila mmoja na eneo lake. Upande wa wataalamu kazi ilikuwa ghali zaidi na vichochoro vilivyokamilika vikawa vichache, ilhali upande wa mzee watu wa vichochoro vya jirani walikuwa wanakuja wenyewe kuomba wapimiwe. Mji mmoja, watu wa aina moja, mfuko mmoja! Sijui ni ushahidi gani mwingine mtu angeutaka.

Kisha likatokea la kutokea. Julai 1991 BCCI ilifungwa na wasimamizi wa mabenki katika nchi nyingi, baada ya kugunduliwa udanganyifu mkubwa ndani yake. Waliokuwa na akiba zao humo walilia. Najua msomaji wangu ataniuliza hapa juu ya usafi wa mali ile, na ni swali la kweli. Sadaka itokayo katika chumo lenye doa haisafiki kwa kujenga kitu kizuri. Hilo ni la aliyetoa na Mola wake. Langu mimi ni kutazama nini kiliwapata watu wa Orangi siku benki ilipoanguka. Mifereji yao haikuwa ya benki. Hakuna aliyesema tusubiri benki nyingine izibue. Mwenye nyumba aliyechimba mbele ya mlango wake anajua bomba limelala kina gani na chemba iko hatua ngapi kutoka ukutani, naye likiziba huvua viatu.

Sasa nije kwenye hoja nzito dhidi yangu, ambayo kijana mmoja wa chuo aliniambia mbele ya msikiti, na sikuweza kumjibu papo hapo. Alisema: "Mwalimu, mitaa ya matajiri ililaziwa mabomba na serikali kwa kodi ya wote. Kwa nini maskini peke yake ndiye aambiwe ajichimbie?" Kijana yule ana haki. Na anayeutumia mfano wa Orangi kuipa serikali ruhusa ya kulala anaudhulumu mfano wenyewe. Watu wa Orangi waliigawa kazi: ya ndani, yaani choo, bomba la kichochoro na bomba la mtaa, ni yetu, ya nje, yaani mfereji mkuu na mahali pa kusafishia maji, ni ya serikali. Na kwa kuwa yao waliimaliza, na ramani mkononi walikuwa nayo, walikuwa na mdomo wa kudai. Mwaka 1999 mradi mkubwa wa maji machafu wa Korangi, hapo hapo Karachi, uliokuwa ugharimiwe kwa mkopo wa dola milioni 70 wa Benki ya Maendeleo ya Asia, ulifutwa baada ya watu wa Orangi na wenzao kuonyesha kwa ramani na hesabu kwamba kazi ile inaweza kufanywa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Je, umewahi kusikia kamati inayosubiri ruzuku ikizuia serikali isikope? Mwenye bakuli mkononi hana ulimi.

Ujuzi huo una bei yake pia. Perween Rahman, msanifu majengo aliyeiongoza kwa miaka mingi kazi ya utafiti na mafunzo ya Orangi, alichora mifereji na makazi ya Karachi na kufuatilia maji yaliyokuwa yakiibwa na kuuzwa kwa magari. Tarehe 13 Machi 2013 alipigwa risasi akitoka kazini kurudi nyumbani, akafa. Hakuna anayemuua mtu kwa sababu ya kukata utepe.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa wa kuwaweka maskini kando ya fedha zao ni wa nchi zetu tu. Kule Marekani, mwaka 1967, katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant wa New York wenye watu weusi wengi, lilianzishwa shirika la kuuendeleza mtaa huo, kwa msukumo wa Seneta Robert Kennedy na kwa fedha za serikali na za Ford Foundation. Yaliundwa mashirika mawili kwa mpigo: moja la wakazi wenyewe, na la pili la wakuu wa mabenki na makampuni, ambao ndio waliotegemewa kwa mtaji. Mtaa ulipata majengo, hilo si la kukana. Lakini ilichukua miaka kadhaa kabla ya mashirika hayo mawili kuwa kitu kimoja, na katika miaka hiyo kila mkazi alijua ni mlango upi wenye sanduku la fedha.

Na hao hao Ford Foundation, wakiwa pamoja na Shirika la Kazi Duniani na wengineo, walisaidia kuanzia mwaka 1994 katika Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, mtaa uliokuwa ukizama kila masika. Huko wakazi wenyewe waliingia mkataba wa kujenga mitaro na njia, wakafanya kazi kwa mikono yao kwa msaada wa wahandisi. Basi mtoaji mmoja anaweza kutoa kwa namna mbili, na anayepokea ana sehemu yake katika kuamua ni namna ipi. Hii ndiyo sababu siwalaumu wa ng'ambo peke yao. Wao wana udhaifu wao: wanataka kitu cha kupigwa picha, wanataka taarifa kabla mwaka wao wa hesabu haujafungwa, na picha ya mpimaji ameshika ubao haivutii kama jengo jipya lenye kibao. Dini yetu imeisifu sadaka iliyofichwa, nasi tunawapokea watu wa vibao kwa matarumbeta.

Lakini ni nani aliyeandika barua yetu? Si wao. Ni sisi, watu wenye shahada, tunaojua maneno ambayo mfadhili hupenda kuyasoma. Katika barua ile kuna kifungu cha posho za vikao vya kamati, nami nilikihesabu: ni kikubwa kuliko gharama ya kulizibua karo. Jina langu lilikuwa katika orodha ya watakaolipwa. Naam, nimeyasema, mwenye kukasirika na akasirike.

Mzee wangu, uliniambia mtu akikupa kitu humuulizi kwa nini. Nakubali. Lakini sisi hatukupewa, tunakwenda kuomba, na yule wa Ansari alipokwenda kuomba aliulizwa nyumbani kwake kuna nini. Sisi hatujaulizwa. Nimejiuliza mwenyewe, nikatembea kuzunguka soko na daftari: meza za biashara ni 64, nyumba zinazoutumia uchochoro ule ni 31, na katika hizo mna mafundi waashi watano na fundi bomba mmoja, ambaye hana kazi tangu mfungo mosi. Kama taasisi ile ikitaka kutusaidia, na itulipie mpimaji wa wiki mbili atuambie karo lihamishiwe wapi lisifurike, kwa sababu hilo kwa kweli hatulijui. Barua ya namna hiyo nimeiandika, ni ya ukurasa mmoja, na haina posho.

Ijumaa hii baada ya sala tutakutana pale pale mlangoni pa choo. Fundi bomba amekubali kuja na nyundo ya kuvunjia kufuli. Mimi nakuja na daftari na mchango wa nyumba yangu.